Mumeniuliza kama huku niko sawa, nawajibu

Binamu zangu wa Langoni, mumeuliza kwa grupu ya familia kwani huku Birmingham kuna nini cha kumfanya mtu atake kufa na pesa anatuma kila mwezi. Haya, sifichi. Disemba saa kumi jioni jua lishazama, unatoka kazini huna hata wa kumwambia masalkheri, kodi ya nyumba inakungoja na huko mnasubiri, basi fikra za kujiua zikawa zanijia kila usiku. Na nilikuwa naswali, dua naomba, kwa hivyo tafadhali musinambie ni imani, maradhi ni maradhi.

Huku England mtu anajiandikisha mwenyewe kwa huduma ya ushauri ya serikali, bure, bila barua ya daktari. Nikapata mtaalamu wa tiba ya fikra, ile CBT aliyoianzisha daktari Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960. Aliniuliza wazi, unafikiria kujiua? Wallahi kuulizwa vile tu nilipumua.

Akanifundisha fikra ikija niiandike vile ilivyo, mfano "mimi ni mzigo, wakinikosa watapumzika", halafu niandike ushahidi wa kuiunga mkono na wa kuipinga. Nikaandika mamangu anavyonipigia alfajiri kuniuliza nimekula nini, sasa mzigo nani anauuliza umekula nini? Kuhisi jambo sio ushahidi kwamba ni kweli, hili ndio limenisaidia zaidi.

Lakini usiku zikiwa kali karatasi haitoshi, akili haina nguvu ya kubishana. Hapo nafuata mpango tulioandika nikiwa nimetulia: dalili zangu (mimi huanza kwa kuzima simu), nitoke niende wapi, nimpigie nani, na chochote cha kujidhuru kikae mbali na mimi. Siamui kitu usiku, manake ule ukali hupanda halafu hushuka. Usiposhuka napiga 116 123, Samaritans, laini ya huku ya kusikiliza watu wenye dhiki, bure usiku na mchana. Sai niko salama na naendelea na tiba.

Huko kwetu Kenya piga 1199 ya Red Cross, bure pia. Na musiwe na hofu ya polisi kama zamani, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Mtu akikwambia amechoka na maisha usimwambie "haramu" ukaenda zako, kaa naye, muulize, umpeleke hospitali.

Na yule kijana anayetaka kuja huku anipigie kabla hajakata tiketi, nitamueleza ya kodi, ya baridi na haya pia.