Maswali ya Wasomaji: Mashine imejuaje madini joto kwenye chumvi yangu?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Nina majaruba ya chumvi huku Lindi, msimu huu nimenyunyizia mwenyewe potasiamu aiodeti, ile dawa ya madini joto, nikapiga hesabu kila kilo ipate miligramu 50. Kaja mnunuzi na kimashine chake, kiroba cha kwanza kikasoma 28, cha pili 11, papo hapo kashusha bei. Sasa dawa yenyewe kwenye chumvi haionekani, hiyo mashine inaonaje? Au naibiwa? – Mzalishaji, Lindi

JIBU: Pole kaka, ila hiyo 28 isikunyime usingizi. Wewe ulipima aiodeti nzima, mashine inasoma madini joto peke yake, na ndani ya aiodeti madini joto ni kama asilimia 59 tu ya uzito, kwaiyo miligramu 50 zako ni kama 30 za madini joto. Kiroba hicho ulikinyunyizia vizuri tu. Siku nyingine kabla hamjabishana bei muulize kwanza, namba hiyo ni ya kipi.

Sasa inaonaje. Kila kitu kina mwanga wake kinaoufyonza na mwingine kinauacha upite. Aiodeti ikiyeyuka kwenye maji haina rangi kabisa, kwaiyo wanaitia tindikali kidogo na potasiamu aiodaidi, hapo aiodini, ndo hayo madini joto yenyewe, inatoka huru, ikikutana na wanga maji yanageuka bluu kama wino. Bluu ile inafyonza sana mwanga wa urefu wa wimbi kama nanomita 585 hivi, mashine inapitisha mwanga huo huo kwenye kichupa na kuangalia umeingia kiasi gani na umetoka kiasi gani. Chumvi yenyewe, ambayo ndo karibu kila kitu mle ndani, haiugusi mwanga huo, na mimi hapa ndo napapenda mno, mana tunatafuta miligramu 30 ndani ya miligramu milioni moja, yaani kilo nzima, na zinapatikana!

Hesabu yake ni ya siku nyingi, ilianza na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1729, akaja Lambert, alafu August Beer mwaka 1852. Ikiwa kiasi fulani cha bluu kinabakisha nusu ya mwanga, kiasi mara mbili kitabakisha robo, mara tatu thumni. Fundi anaipimisha kwanza mashine maji ambayo kipimo chake anakijua, ndo anailinganisha na ya kwako. Bluu ikizidi giza anazimua, apime tena.

Kinachosumbua kwenye mchanganyiko ni tope. Chembe zake zinatawanya mwanga, mashine inadhani ni bluu, namba inapanda bure. Ndo mana maji ya chumvi hiyo hiyo yachujwe, yasomwe kabla ya kutiwa tindikali, aiodaidi na wanga, na mashine iwekwe sifuri hapo. Kukiwa na vitu viwili vyenye rangi wanapima kwenye mawimbi mawili tofauti wanatenganisha kwa hesabu, ila kwa chumvi yako hatufiki huko.

Hiyo 11 ndo ya kufuatilia. Aiodeti uliyonyunyizia inakaa juu ya punje, chumvi ikiwa na unyevu maji yanachuruzika chini ya kiroba yanaondoka nayo, kwaiyo juu unakuta kidogo na chini imejazana. Au pampu haikufika sawasawa kote. Mashine inajua zile gramu chache ilizopewa, basi. Mnunuzi alichota wapi? Kama ni juu tu hajakutendea haki, mwambie arudie mbele yako, achote juu, katikati na chini, achanganye vizuri ndo apime. Chumvi inayofika nyumbani, Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kila kilo iwe na miligramu 15 mpaka 40 za madini joto, mana mama mjamzito akikosa madini joto ubongo wa mtoto tumboni ndo unaumia, kwaiyo ikirudi tena chini ya 15 usiiuze hivo hivo, imwage sakafuni iache kwanza ichuje maji, ndo unyunyizie na kuichanganya upya kabla hujaifunga.