Hesabu ya boti na mkondo: aanze na kile kisichobadilika

Dada yangu, hesabu uliyoileta ni hii: boti inakwenda kilomita 10 kwa saa maji yakiwa yametulia. Kwenda na mkondo ilitumia dakika 40, kurudi njia ile ile saa 1. Mkondo una kasi gani? Unasema mwanao ameihifadhi kanuni lakini hajui aanzie wapi.

Nami nilikwama hapo hapo nikisoma Lamu. Nilikuwa nachora ile pembetatu ya umbali, kasi na muda, kisha naikodolea macho. Aliyenifungua ni ami yangu, nahodha, ambaye aljebra hakuisoma. Tulikuwa twenda Faza, naye alitaka tuwahi Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kwani maji yakipwa chombo hakipiti. Nikamuuliza tutafika saa ngapi. Kabla ya kung'oa nanga alitupa ganda la chungwa majini, tukalitazama likienda lenyewe upande tuendako. Akaniambia, "Faza haisogei. Tazama maji."

Basi mwanao asiikimbilie kanuni. Ajiulize kwanza: katika safari hizi mbili, kipi hakikubadilika? Kasi imebadilika, muda umebadilika, umbali ni ule ule. Hapo ndipo alama ya usawa inapokaa.

Mkondo auite m. Kwenda, maji yanasukuma: 10 + m. Kurudi, yanazuia: 10 − m. Dakika 40 ziwe 2/3 ya saa, maana kasi imetolewa kwa saa. Akiandika 40 amekwisha potea.

2/3 (10 + m) = 1 (10 − m)

Azidishe pande zote kwa 3: 20 + 2m = 30 − 3m. Kwa hivyo 5m = 10, na m = 2. Mkondo ni kilomita 2 kwa saa. Ahakikishe: kwenda, 12 kwa 2/3 ya saa ni kilomita 8, kurudi, 8 kwa saa 1 ni kilomita 8.

Kisha muulize wastani wa kasi ya safari nzima. Atasema 10, akidhani mkondo ulichompa ndicho ulichomnyang'anya. Sivyo. Kilomita 16 kwa saa 1 na dakika 40 ni 9.6. Boti ilisukumwa dakika 40 tu, ikazuiwa saa nzima. Mimi hapa napapenda kuliko jibu lenyewe, kwa sababu mtoto akipaelewa hajumlishi tena kasi mbili akagawa kwa mbili.

Ile ya matatu inayotoka Malindi kwenda Mombasa kwa 60, na gari dogo linaloifuata nusu saa baadaye kwa 80, litaikuta wapi? Swali ni lile lile: kipi hakikubadilika? Hadi zinapokutana, umbali ni mmoja. Muda wa matatu tangu itoke auite t: 60t = 80(t − 1/2). t ni saa 2, yaani kilomita 120, na njia yote ni kama hizo hizo. Litaikuta inaingia Mombasa.