Michoro ya karakana ya daraja la chuma: je, muhuri unatosha?

SWALI: Ndugu mtaalamu, baada ya miaka ya kuchora mapaa ya chuma nimepewa kazi yangu ya kwanza ya daraja: mihimili 4 ya mita 30, iliyokaa mshazari juu ya nguzo zake. Nianzie wapi? Na karakana ikitaka kiungo fulani kibadilishwe ili kazi iwe nyepesi, je, inatosha kulionyesha badiliko hilo kwenye mchoro na kusubiri muhuri wa mhandisi?

JIBU: Ndugu msomaji, mhandisi huchora daraja lililokamilika, lakini karakana hutengeneza vipande ambavyo bado havijabeba zege. Kwa hiyo anza na jedwali la mbinuko, yaani kiasi ambacho mhimili hupindwa juu makusudi ili ukishushwa na mzigo ukae sawa. Tuseme limeandikwa kwamba katikati ya mhimili patashuka milimita 15 kwa uzito wa chuma na 45 kwa uzito wa zege. Basi bamba la wima likatwe likiwa limebinuka juu kwa milimita 60, ukiongeza mwinuko wa barabara yenyewe kama upo, na ukiacha nafasi kwa ajili ya chuma kunywea baada ya kulehemiwa.

Mshazari ndio utakaokusumbua zaidi. Sehemu mbili zinazotazamana katika mihimili jirani hazishuki sawasawa, na fremu inayoziunganisha ikitoshea vizuri kabla ya zege, baadaye itaivuta mihimili iinamie ubavu. Muulize mhandisi kwa maandishi fremu zitoshee katika hali ipi: bila mzigo wowote, chini ya uzito wa chuma, au baada ya zege kumwagwa. Jibu lake uliandike kwenye kila karatasi inayohusika, wala usikisie.

Andika pia joto ambalo vipimo vyako vinalihusu. Mhimili wa mita 30 ukipimwa kwenye nyuzi 40 badala ya 20 huwa umerefuka karibu milimita 7, na utepe wa chuma uliokaa juani nao hurefuka vilevile, hivyo hautakuonyesha tofauti hiyo.

Kuhusu muhuri, hapana, hautoshi. Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia zilizoning'inizwa ziliporomoka na kuua watu 114. Awali fimbo ndefu zilikusudiwa kushuka moja kwa moja kutoka darini hadi njia ya chini. Zikagawanywa kuwa fimbo mbilimbili, na njia ya chini ikaning'inia kwenye boriti za ile ya juu. Kwenye karatasi badiliko lilionekana dogo, lakini kila nati chini ya boriti hizo ilibebeshwa mzigo maradufu, na michoro ilipitishwa bila hesabu ya kiungo hicho kufanywa upya.

Kwa hiyo lizungushie badiliko lako mstari unaoonekana wazi, lipeleke na barua yake, na uombe hesabu mpya ya kiungo chenyewe. Mpaka hesabu hiyo irudi, vipande vinavyokutana kwenye kiungo hicho visikatwe wala kutobolewa, vingine viendelee.