Gesi Msimbati, mkaa jikoni

Maswali ya safari hii yamekuja mengi, nimechukua sita. La kwanza limekula nafasi kubwa, wengine mnivumilie.

Shikamoo bibi. Gesi inachimbwa Msimbati, hapo tu, lakini sisi wa Mtwara mjini tunanunua mtungi kwa bei kubwa kama vile tunaishi mwisho wa dunia. Kama gesi ni yetu, mbona hivi? (Mama watatu, Chikongola)

Marahaba mwanangu. Swali hili kila nikienda msibani lazima mtu alianzishe, na huishia kwenye lawama. Tuanze na gesi yenyewe. Inayotoka Mnazi Bay, yaani visima hivyohivyo vya Msimbati, karibu yote ni methani. Ya kwenye mtungi ni propani na butani. Ni ndugu, ila tabia mbali mbali. Propani na butani ukizikandamiza kidogo zinakuwa maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza ndani. Methani haigeuki maji kwa kukandamizwa tu. Inataka baridi kali mno, kiasi cha nyuzi 162 chini ya sifuri. Nani ana friji hiyo?

Kwa hiyo mtungi wako haukujazwa Madimba, kwenye mtambo wa kusafishia gesi yetu. Gesi yake ilikuja kwa meli kutoka nje ya nchi, ikashushwa bandari za huko juu, kisha ikapanda lori kuja kusini. Nauli hiyo unailipa wewe. Na methani yetu tangu 2015 inatoka Madimba kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, ambako kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme. Yaani gesi inapanda na gesi inashuka, zinapishana njiani. Mimi nikiliona lori la mitungi limesimama pale Mnazi Mmoja huwa nacheka peke yangu.

Methani inaweza kufika jikoni kwako, lakini kwa bomba tu. TPDC, shirika la petroli la taifa, imeshaunganisha baadhi ya nyumba hapa Mtwara mjini, na wenye nazo hawana habari ya kubeba mtungi begani. Gharama iko kwenye kutandaza mabomba ya mitaani, tena nyumba zetu hazikupangwa mstari. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tusubiri tu. Mwaka 2013 mkoa huu uliwaka moto kwa vurugu za kupinga bomba hilo la Dar, na roho za watu zilipotea. Mkoa kama huo ulistahili kuwa wa kwanza kwenye foleni ya mabomba ya majumbani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ulizeni kwenye mkutano wa mtaa: Chikongola imo kwenye hesabu hiyo, na kwa mwaka upi?

Wakati unangoja, nikuambie siri yangu. Mtungi wangu ulikuwa wa kuchemshia chai tu. Maharage niliyapeleka kwenye mkaa, nikijidanganya kwamba nabana matumizi. Mwaka jana mwanangu akaniletea sufuria ya presha ya umeme. Kilo ya maharage iliyolowekwa usiku kucha inaiva bila kumaliza uniti moja. Nilivyopiga hesabu ya mkaa niliokuwa nachoma kwa maharage hayohayo, nilinyamaza. Na mkaa wenyewe, kwa tanuri zetu za udongo, kila kilo moja imekula kilo 5 hadi 10 za kuni huko Kilwa au Liwale.

Bibi, mume wangu anaacha chaja ya simu kwenye soketi usiku na mchana. Tumegombana mpaka watoto wanatushangaa. (Shangani)

Mwache. Chaja isiyo na simu inakula umeme kidogo sana, mwezi mzima hata uniti moja haifiki. Kama unataka kugombana kwa faida, angalia balbu ya nje. Ya zamani ya wati 60, ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula uniti moja na kitu, na mwanga ni uleule. Halafu mpira wa mlango wa friji: bana noti mlangoni uivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, hapo ndipo uniti zenu zinapovuja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, mbona kwenye soko la Feri samaki bado wanafungwa kwenye nailoni? Na hii mifuko ya kitambaa inayouzwa sokoni ni salama? (Kijana wa Mikindani)

Marufuku ya Juni 1, 2019 iligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa viliruhusiwa, na watu wakaona upenyo huo. Juzi nilinunua changu wawili Feri. Dada aliwatia kwenye mfuko mweupe laini, ukatobolewa na mapezi. Akatia wa pili juu yake, maji ya barafu yakavuja. Akatia wa tatu. Mifuko mitatu, samaki wawili, safari ya dakika kumi. Nilipofika nyumbani yote mitatu ilikwenda jalalani, na kutoka jalala letu mpaka baharini ni mvua moja tu.

Hiyo "ya kitambaa" nayo usidanganyike, nyingi ni polipropilini, plastiki ileile imevaa kanzu. Ina maana tu ukiitumia mara nyingi mpaka ichakae. Ukiitupa baada ya mara mbili ni afadhali ile ya zamani. Wazee wetu wa Mikindani walibebea samaki kwenye pakacha la makuti, likichoka linakuwa kuni. Sikuambii urudi kwenye pakacha. Ndoo ndogo yenye mfuniko inatosha, na muuzaji atakucheka mara moja tu, ya pili atakuzoea.

Shikamoo. Kila msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya mikorosho, inzi wanajaa. Si upotevu huu? Na mifuko ya salfa ikiisha tunaweza kuwekea mahindi? (Mkulima, Newala)

Marahaba. Nianze na la pili kwa sababu ni la hatari: usiweke mahindi, usiweke chochote kinacholiwa. Salfa ni dawa ya kuua ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, si unga wa kula, na mfuko hata ukioshwa haurudi kuwa mfuko wa chakula. Na siku ya kupuliza funika pua na macho, simama upande upepo unakotoka. Nimeona vijana wanatoka shambani wamegeuka njano kope hadi kisigino, wanacheka. Usiku macho yanawaka hakuna anayecheka.

Sasa mabibo. Kwa kila kilo ya korosho tunayopeleka kwenye mnada, tunaacha chini kilo 5 mpaka 10 za bibo. Tunda hilo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, maradufu na zaidi. Tatizo lake ni moja: likianguka leo, kesho limeshachacha. Haliwezi kusafiri, kwa hiyo kazi lazima ifanyike palepale shambani. Wengine wanakamua uraka, pombe ya mabibo, wengine wanakausha mabibo yawe kochoko. Mwisho wa kochoko mara nyingi ni gongo, na hapo sitii neno, polisi wapo. Lakini kochoko safi, lililokaushwa juu ya kichanja badala ya mchangani, ni tunda la kuliwa hata Machi. Mbuzi wanayapenda pia. Yanayobaki chimbia kwenye shimo pamoja na majani makavu. Mvua zikikolea una mboji, na mikorosho michanga itakushukuru. Kinachoniuma ni kwamba tuna mizani, maghala na minada kwa ajili ya punje, na kwa tunda lenyewe hatuna hata kikamulio cha kijiji.

Tunachoma taka uani kila jioni, jirani analalamika. Nani yuko sawa? (Lindi mjini)

Jirani. Majani ya mwembe na mwarobaini ni mboji. Chupa na nailoni zikiungua kwa moto mdogo zinatoa sumu, na wa kwanza kuivuta ni wewe uliyeshika kijiti.

Bibi, hivi vimbunga ni mambo mapya au wazungu wanatutisha na tabianchi yao? (Kilwa Masoko)

Vimbunga si vipya. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi vibaya, na bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watoto kwa kukitaja: huyu kabla, huyu baada. Karibu na ikweta vimbunga huwa vigumu kujisokota, na sisi tuko mbali nayo kidogo kuliko Tanga, kwa hiyo kusini ndiko vinakopata mlango. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani, kikaivamia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na nyie wa Kilwa mnajua zaidi yangu: barabara ikakatika Somanga, mabasi yakalala njiani.

Tabianchi haikuvileta, ila inavilisha. Chakula cha kimbunga ni bahari yenye joto, na bahari inazidi kupata joto. Hewa ya moto nayo inabeba maji mengi, ndiyo maana mvua inamwagwa kwa ndoo. Huwezi kunyoosha kidole kwa kimbunga kimoja ukasema hiki ni cha mkaa wa fulani. Na kama ni kugawana lawama, Mtanzania mmoja anatoa hewa ya ukaa kama robo tani kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, wakati wastani wa mtu duniani unapita tani 4. Deni si letu. Lakini mikoko iliyokatwa hapo kwenu kwa kuni za kuchemshia chumvi na kuchoma chokaa, hiyo hawakukata wazungu, na ndiyo ilikuwa inalipunguza wimbi nguvu kabla halijafika kizingitini.