Umepata Kazi Kaskazini? Nenda Ukakae

Kijana mmoja wa Tanga anayeishi Toronto ameniandikia: "Kaka, nimepata kazi ya utawala Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada. Niende, au nivute subira mpaka nafasi itoke huku mjini?"

Nenda. Na ukifika, kaa.

Mimi nilihamia Yellowknife, mji mkuu wa eneo la Northwest Territories huko huko kaskazini, nikiwa karani wa nyumba za umma, wenzangu wa Edmonton wakinihurumia. Habari za baridi naziruka. Kilichonipa moyo ni maisha ya Stuart Hodgson, aliyekuwa kamishna wa eneo hili, aliyetokea chama cha wafanyakazi wa mbao kule jimbo la British Columbia.

Kabla yake, kamishna, yaani mkuu wa serikali ya Northwest Territories, alikaa Ottawa, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Yellowknife, mbali na watu aliowatawala. Septemba 1967 Hodgson aliihamishia serikali Yellowknife, na watumishi wakaja kwa ndege pamoja na familia zao. Hakuondoka kwenye kiti hadi 1979. Wakati huo eneo la Nunavut lilikuwa bado halijamegwa kutoka Northwest Territories, kwa hiyo eneo lake lilikuwa zaidi ya Tanzania tatu!

Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, walikuwa wakiandikwa serikalini kwa namba, kila mtu na kisahani chake cha namba. Simonie Michael, mjumbe wao wa kuchaguliwa, akasema kwenye baraza la Northwest Territories kwamba hataki tena kuitwa namba. Ndipo Abe Okpik, Mwinuiti mwenzake, akatumwa na serikali ya Hodgson kijiji kwa kijiji kuanzia 1968 hadi 1971, watu wachague wenyewe majina ya ukoo.

Nilipolijua hilo, nikaacha kuwaita wapangaji wangu kwa namba za mafaili. Nikawa nawafuata majumbani na kukaa nao. Cheo kilipotoka, akapewa mgeni kutoka kusini, naye hakumaliza mwaka. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini sikufunga mizigo. Mwezi huu nimekabidhiwa ofisi ile ile niiongoze, na wazee wa hapa wamekuja kunipongeza kwa jina langu.

Basi mdogo wangu, acha kuhesabu miezi ya kurudi Toronto. Watu wa kaskazini wamewaona maofisa wengi wa kupita, na wanamtambua mpitaji siku ya kwanza. Kaa nao. Jifunze salamu za wenyeji wa huko, Wainuvialuit na Wagwich'in, maana Inuvik ni kwao wote. Desemba jua litakapopotea kwa karibu mwezi mzima, usijifungie ndani: nenda kwenye ngoma zao, nenda misibani. Kikao cha kijijini usikiendeshe kwa simu kama ndege ipo. Na barua yao ya ajira ijibu leo, kabla nafasi haijapewa mwingine.