Kompresa ya gitaa: namna ninavyoipanga kwa gitaa la umeme na la akustika

Mpiga gitaa anayenunua kompresa kwa kutarajia sauti kubwa zaidi amenunua kifaa kisichokuwa haja yake. Kazi ya pedali hii, yaani kisanduku kinachowashwa kwa mguu kati ya gitaa na ampli, ni kupunguza tofauti kati ya noti iliyopigwa kwa nguvu na ile iliyoguswa tu, na sifa nyingine zote inazopewa, kama vile mlio kudumu au noti kusikika wazi katikati ya bendi, zinatokana na kazi hiyo moja. Hapa Lubumbashi ninapiga gitaa la umeme katika bendi ya sherehe na gitaa la akustika kanisani, na pedali ninayotumia ni ileile, ila mpangilio unaolifaa gitaa la kwanza hulivuruga kabisa la pili.

Ndani ya kompresa kuna kizingiti. Sauti iliyo chini yake hupita bila kuguswa, na iliyokivuka hubanwa kwa uwiano fulani: uwiano ukiwa 4 kwa 1, noti iliyozidi kizingiti kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imekizidi kwa desibeli 2 tu. Baada ya kushusha noti kubwa, pedali huinua sauti nzima ili kufidia kilichopotea, na hapo ndipo noti ndogo zinapoanza kusikika. Pedali nyingi hazionyeshi kizingiti wala uwiano. MXR Dyna Comp, iliyotoka katika miaka ya 1970, ina nobu (vitufe vya kuzungusha) mbili tu, moja ya usikivu na nyingine ya sauti inayotoka. Boss CS-3 ina nne, za leveli, toni, ataki na sasteini. Unapoongeza usikivu katika ya kwanza au sasteini katika ya pili, unachoongeza ni kiasi cha kubana.

Kabla ya kuamua kama kompresa inakufaa, sawazisha leveli. Piga akordi moja kwa nguvu yako ya kawaida, zima pedali, piga tena, kisha zungusha nobu ya leveli hadi sauti iwe sawa pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Sikio hupenda kilicho kikubwa hata kwa tofauti ndogo mno, kwa hiyo anayelinganisha bila kusawazisha huisifia pedali kwa kitu ambacho angekipata kwa kuongeza sauti ya ampli. Nimewasikiliza vijana wengi wakijaribu pedali dukani, na karibu wote huiacha leveli ilivyo juu. Muuzaji, bila shaka, hana sababu ya kuwazuia.

Kwa gitaa la umeme, mahali kompresa inapojipatia riziki yake ni kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezea dansi ambapo magitaa ndiyo yanayoongoza wimbo. Gitaa la solo hurudia vifungu vifupi juu ya shingo, noti zikifuatana haraka, na noti moja iliyodhoofika huonekana kama pengo ndani ya mzunguko. Hapa sioni haya kubana kwa nguvu. Ataki, yaani muda ambao pedali huchukua kabla ya kuanza kubana, naiacha iwe ya wastani, kama milisekunde 20 au 30, ili mgongano wa plektra na waya upite kwanza. Ikiwa fupi sana, noti hupoteza makali yake na gitaa huzama nyuma ya ngoma. Rilizi, yaani muda wa kuachia, iwe fupi, kwa maana ikichelewa, noti inayofuata huingia ikiwa bado imebanwa na mfululizo mzima hufifia. Fahamu pia kwamba nobu ya ataki haifanyi kazi sawa katika pedali zote: katika baadhi, kuizungusha kulia huchelewesha kubana, na katika nyingine huwahisha. Piga noti moja kavu na usikilize mwanzo wake badala ya kuamini maandishi. Mpiga akompa, yaani gitaa la kusindikiza, anahitaji kubana kidogo tu, karibu na kutobana kabisa, kwani nguvu ya mkono wake ndiyo inayobeba mdundo.

Katika mnyororo wa pedali, naiweka baada ya tyuna na kabla ya distoshoni (ya kukwaruza sauti), dilei (ya mwangwi) na riverbu (ya mvumo wa ukumbi). Ikikaa baada ya distoshoni, huinua uchafu wote uliozalishwa huko. Hata ikiwa mbele, kompresa huinua kila kilicho kidogo, na mvumo wa umeme ni mmojawapo. Gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja hunguruma zaidi pale jenereta inapochukua nafasi ya umeme wa mji, na wakati wa kimya kati ya nyimbo kila mtu ukumbini huusikia mngurumo huo. Kwa sababu hiyo naipa pedali adapta yake yenyewe ya volti 9 iliyo tulivu, na betri huwa akiba. Anayeletewa adapta kutoka Marekani asome kwanza maandishi yake: iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee itaungua kwenye volti zetu 220.

Gitaa la akustika linataka mkono mwepesi zaidi. Pikapu za piezo, zinazokaa kwenye daraja la gitaa, hutoa kilele kikali mwanzoni mwa kila noti, na kubana kwa desibeli 3 hivi kwa uwiano wa 2 kwa 1 hutosha kukilainisha. Ukizidisha, unaikaribisha larseni, yaani ule mlio mkali unaotokea sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni au pikapu. Pedali ikiinua sauti kwa desibeli 6 ili kufidia, basi unapokaa kimya mikono ikiwa imeachana na waya, haina cha kubana, na maikrofoni au pikapu yako iko desibeli 6 karibu zaidi na kupiga kelele. Ndiyo maana gitaa linaweza kutulia wimbo mzima, kisha likaanza kulia mchungaji anapoanza kuomba.

Wanaopiga kwa vidole, kwa mtindo wa dole gumba na kidole cha shahada ambao Mwenda Jean Bosco aliusambaza kutoka Katanga tangu miaka ya 1950, wana tatizo lao la pekee. Gumba hupiga besi kwa nguvu, kompresa huitikia besi hiyo, na melodia ya juu inashushwa pamoja nayo ingawa haikukosa kitu. Dawa niliyoikubali ni kupunguza besi kidogo kwenye ikwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu) iliyo kabla ya kompresa na kuirudisha baada yake. Pedali ikiwa na nobu ya blendi, changanya nusu ya sauti asilia na nusu iliyobanwa, nawe utabaki na pumzi ya gumba lako.

Mwisho, zungumza na fundi wa sono, yaani wa mitambo ya sauti, kabla ya majaribio ya sauti. Mikisa nyingi za dijitali zina kompresa katika kila chaneli, na baadhi ya mafundi huziwasha bila kumwambia mtu. Mbili zikibana gitaa moja la akustika, uwiano huzidishana: 2 kwa 1 ikifuatwa na 3 kwa 1 hukaribia 6 kwa 1 kwa noti zinazovuka vizingiti vyote viwili. Mimi humwomba azime ya kwake, na akikataa, nazima yangu.