Re: Nimesahihisha spelling OpenSSL, ombi limekwama kwenye CLA

Habari mkuu. Kama nimekusoma vizuri, umerekebisha "recieve" kwenye komenti na maelezo ya OpenSSL (maktaba ya programu ya kusimba data), sasa roboti ya kukagua maombi inakudai CLA (makubaliano ya leseni ya mchangiaji). Cheki kwanza ujumbe wa komiti yako (git commit), kwa masahihisho madogo hivi huhitaji kusaini fomu yoyote, unaandika tu CLA: trivial kwenye mstari wake peke yake, juu yake unaacha mstari mtupu, halafu git commit --amend na unasukuma upya kwa git push --force.

Ila kama ulitumia codespell (programu ya kutafuta makosa ya spelling) na -w, inayoandika masahihisho moja kwa moja kwenye faili, tafadhali pitia neno mojamoja, maana ikibadili jina la fankisheni lililoko include/openssl (faili za header ambazo programu nyingine hutumia), programu za watu zinazoiita zitagoma kukompaili. Jina kama hilo liache na kosa lake hivyohivyo, gusa komenti na kurasa za mwongozo za doc/man3 tu.